Anwani kwanza: kuanza maisha Uingereza ukitokea Arusha au Moshi

Ukimwelekeza mgeni kwako Sakina au Majengo, unamwambia ashuke kituoni, apite msikiti, halafu aulizie kwa Mangi wa kona. Anafika. Uingereza kuna namba ya nyumba, jina la mtaa na msimbo wa posta wenye herufi na tarakimu, na bila hivyo vitatu huonekani. Wengi wanaohangaika mwezi wa kwanza wana hela na Kiingereza wanakijua. Kilichowaponza ni mpangilio. Benki inadai uthibitisho wa anwani, mwenye nyumba anadai akaunti ya benki, mwajiri anadai vyote viwili, na mtu anabaki kuzunguka humo wiki tatu. Kwa hiyo mambo yafuatayo yamepangwa kwa mfuatano wa kuyafanya, na mfuatano huo una sababu.

Kabla ya kufika uwanja wa ndege wa KIA

Hakikisha kwanza kwamba njia yako ya visa bado ipo. Tangu Julai 22, 2025, Uingereza haipokei tena maombi mapya kutoka nje ya nchi kwa kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa, zile zinazoitwa "kea". Anayekuuzia kazi hiyo mjini leo anakuuzia hewa. Kwa kazi zilizobaki, cheti cha udhamini hutolewa na mwajiri aliyesajiliwa, na orodha ya waajiri hao iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Jina lisipokuwemo, funga mkoba. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani naye, tangu Januari 2024, haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto. Hilo lizungumzwe nyumbani kabla ya karo kulipwa.

Kipimo cha TB ni lazima kwa visa inayozidi miezi 6, na kliniki inayotambuliwa iko Dar es Salaam, kwa hiyo tenga nauli ya basi na siku mbili tatu. Usikiache mwishoni. Picha ya kifua ikiwa safi, cheti hutoka haraka. Ikiwa na kivuli chochote, hata cha nimonia ya zamani, huchukuliwa makohozi, na majibu ya kuotesha vijidudu huweza kufika wiki 8. Mwenye chuo cha Septemba akapima Agosti anajitafutia presha. Cheti hudumu miezi 6, basi pima mapema kwa kiasi.

Visa nyingi sasa ni za kidijitali: unafungua akaunti kwenye mfumo wao wa uhamiaji na kuiunganisha na pasipoti. Kutoka humo utakuwa ukitoa msimbo wa herufi na tarakimu 9 wa kumwonyesha mwajiri au mwenye nyumba. Msimbo wa kazi huanza na W, wa kupangisha huanza na R, nao huisha nguvu baada ya siku 90. Watu hutoa wa kazi wakampelekea mwenye nyumba, kisha wanashangaa haufunguki. Weka kwenye akaunti hiyo barua pepe unayoikumbuka na namba ya simu utakayokuwa nayo, na laini yako ya Tanzania usiitupe, maana benki na pesa za simu za nyumbani zitaendelea kutuma namba za uthibitisho humo.

Ukibadilisha fedha, kagua noti moja moja. Pauni zote zinazotumika sasa ni za plastiki na zina kidirisha kinachopitisha mwanga. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma kutumika madukani Septemba 30, 2022. Benki Kuu yao bado hubadilisha, ila hicho si kibarua cha siku yako ya kwanza. Ukipewa ya karatasi, irudishe hapo hapo kaunta.

Kuhusu mizigo: adapta ya umeme huhitaji, plagi yao ni ile ile ya miguu mitatu bapa na umeme ni volti 230 kama huku. Nyama ya aina yoyote, samli, maziwa mgando na jibini kutoka Tanzania ni marufuku na vitatupwa uwanjani. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 na asali kilo 2, hivyo dagaa wakavu wa mama wafungwe vizuri, kwa ajili ya harufu zaidi kuliko sheria. Koti zito la mitumba pale soko la Memorial, Moshi, linafaa, mradi nje liwe la kuzuia maji; baridi ya kule inakuja na manyunyu na upepo, na sweta la sufu peke yake likilowa ni mzigo. Hati halisi ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya chuo au mwajiri, na kadi ya kliniki ya mtoto kama unaye, kwa sababu wataulizia chanjo zake.

Wiki mbili za kwanza

Usitume amana ya nyumba ukiwa bado Arusha kwa mtu uliyeona picha zake mtandaoni tu. Fikia bweni la chuo, kwa ndugu, au chumba cha muda, na hakikisha unaruhusiwa kupokea barua hapo. Barua kule huingizwa kwenye tundu la mlango na bado zina uzito: kadi ya benki, namba za siri, miadi ya hospitali. Mwambie mwenye nyumba jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti.

Anza na daktari. Kujiandikisha kwa daktari wa familia, ambaye wao humwita GP, ni bure, na kwa mujibu wa utaratibu wa NHS, yaani huduma yao ya afya ya taifa, kitambulisho na bili ya anwani si masharti. Mhudumu wa mapokezi akikudai bili, mwambie kwa upole kwamba unaomba fomu ya kujiandikisha na kwamba huna bili bado. Jiandikishe ukiwa mzima. Gharama ulishailipa kwenye visa: pauni 1,035 kwa mwaka, au 776 kwa mwanafunzi. Dawa za cheti zina ada yake England, pauni 9.90 kwa kila dawa kwa viwango vya 2025, isipokuwa kwa watoto, wajawazito na makundi mengine machache. Antibayotiki hununui kaunta kama duka la dawa la mtaani kwetu. Ila kwa koo, sikio la mtoto au mkojo unaochoma kwa mwanamke, pita kwanza kwa mfamasia, kwani huko England tangu 2024 anaweza kukupa dawa mwenyewe bila daktari. Namba 111 ni ya ushauri, 999 ni ya dharura.

Jambo moja lisisahaulike: ukipata homa katika miezi ya mwanzo, tamka wazi kwamba umetoka Tanzania na uombe kipimo cha malaria. Daktari wa kule akiona homa mwezi wa Novemba anafikiria mafua, na malaria haimsubiri.

Baada ya hapo ndiyo benki. Mwanafunzi aombe chuo barua ya benki yenye anwani yake ya Uingereza, mfanyakazi aombe ya mwajiri. Ikichelewa, fungua kwanza akaunti ya benki zile za kwenye simu peke yake, ambazo mara nyingi hutosheka na pasipoti na hali yako ya visa, ukapate pa kupokelea mshahara. Laini ya simu ni rahisi kupita matarajio: inauzwa supamaketi karibu na bigijii, hakuna alama za vidole.

Kodi ya nyumba na hesabu yake

Vyumba vingi hutangazwa kwa wiki. Mgeni huzidisha kwa 4, na hapo ndipo bajeti inapovuja, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Zidisha kwa 52, gawa kwa 12. Chumba cha pauni 120 kwa wiki ni pauni 520 kwa mwezi, si 480. Uliza pia kama bili zimo ndani.

Kwa chumba hicho kikiwa England, ada ya kukishikilia haizidi wiki 1, yaani pauni 120, na amana haizidi wiki 5, pauni 600. Dalali haruhusiwi kukutoza ya kukuonyesha chumba wala ya kuandika mkataba. Amana lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi uliotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, nawe upewe karatasi yake. Mwenye nyumba asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe hadi mara tatu ya amana. Tangu Mei 1, 2026, mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Zamani wageni wasio na mdhamini walikuwa wakiombwa miezi 6. Ulinzi wa amana na huu wa kodi ya mbele haumhusu aliyepanga chumba ndani ya nyumba ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaishi. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila doa la zulia, kila ufa, ndani ya oveni, na namba za mita, uzitume kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Kuna kodi ya halmashauri pia, na hii hulipwa na mkaaji. Nyumba ya wanafunzi watupu wa muda wote imesamehewa, ila lazima mtume cheti cha chuo, la sivyo bili inaendelea kuja na mwisho wake ni mahakama. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, naye aombe.

Mita, joto na ukungu

Umezoea LUKU: unalipa, unapata tarakimu 20, unabonyeza, taa inawaka. Nyumba nyingi za kupanga kule zina mita ya malipo ya kabla pia, ila za zamani hutumia ufunguo wa plastiki kwa umeme na kadi kwa gesi. Unapeleka dukani, unalipa, unarudi kuchomeka. Tofauti inayouma ni ada ya kila siku, karibu nusu pauni kwa umeme, na gesi ina yake. Hiyo inakatwa hata kama hukuwasha kitu. Mtu anazima joto tangu Juni, haongezi hela kwenye kadi ya gesi, mita inajijengea deni polepole. Oktoba baridi inapoanza anaweka pauni 20 na sehemu yake inamezwa mbele ya macho yake. Weka pauni chache hata wakati wa kiangazi. Na siku ya kwanza kabisa ipigie kampuni ya umeme uwape namba ya mita, maana deni la mpangaji aliyetangulia linaweza kuwa limelala humo humo.

Joto hutoka kwenye boila inayosukuma maji moto kwenye mabomba ya ukutani. Likikataa kuwaka, tazama kipimo cha shinikizo: boila ikiwa baridi kinapaswa kusoma kati ya bar 1 na 1.5. Chini ya hapo mwite mwenye nyumba, ni wajibu wake. Ukungu mweusi kwenye kona za chumba mara nyingi huletwa na nguo zinazoanikwa ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Fungua dirisha dakika 10 asubuhi na baada ya kupika, hata kama roho inakataa. Jiko la mkaa ndani, au hata roshani kwa ajili ya nyama choma, usithubutu. Hewa ya sumu yake haina harufu. Ukinusa gesi piga 0800 111 999.

Kazi

Namba ya bima ya taifa huombwa mtandaoni bure ukishafika, na unaweza kuanza kazi kabla haijatoka. Jaza fomu ya mfanyakazi mpya anayokupa mwajiri. Usipoijaza utakatwa kodi kama mtu asiye na msamaha, wakati pauni 12,570 za mwanzo kwa mwaka hazitozwi. Ukiona 0T kwenye karatasi ya mshahara, ndiyo hiyo. Idara ya kodi ikirekebisha, hela hurudi.

Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wiki ikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Kufanya 25 wiki hii na 15 ijayo ni kuvunja visa. Kupeleka chakula kwa baiskeli kwa akaunti ya kuazima ni kosa juu ya kosa, maana mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri kabisa.

Jikoni na saa

Pakiti iliyoandikwa "cornflour" kule ni wanga mtupu wa kufanya mchuzi uwe mzito. Ukiusonga unapata gundi. Tafuta "maize meal" kwenye maduka ya Waafrika au Wahindi, na hapo hapo utapata ndizi mbichi za machalari. Mgando wa karibu zaidi na wa kwetu uko kwenye maduka ya Wapolandi.

Wakikwambia "half six" ni saa kumi na mbili na nusu. Saa zao husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa ya mwisho ya Oktoba, hivyo Moshi iko mbele kwa saa 2 kiangazi na 3 kipupwe. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. NHS inashauri vitamini D ya mikrogramu 10 kila siku kuanzia Oktoba hadi Machi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuimeza mwaka mzima.

Ukihama

Hapa ndipo anwani inapokuvizia tena. Badilisha kwenye akaunti ya uhamiaji, benki, kwa daktari, chuo au mwajiri, halmashauri zote mbili na kampuni ya umeme, na soma mita mara ya mwisho kabla ya kurudisha funguo. Mtanzania mwenye visa halali, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura kule, na kampuni za simu na mikopo hulitazama daftari hilo kuthibitisha mtu anaishi wapi. Jiandikishe upya kila unapohama. Barua za miezi ya mwanzo Royal Mail huzielekeza kwenye nyumba mpya kwa ada, ukiomba kabla ya kuondoka.