Taa nyingi hazing'oi elektroni
Unayejiandaa na mtihani wa fizikia kuhusu mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali, tenganisha mapema wingi wa mwanga na masafa yake, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde. Usiku, kutoka Kirumba, Mwanza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani kama mji. Zizidishe mara elfu, zimulike zote kipande safi cha zinki: mwanga wake unaoonekana hautang'oa hata elektroni moja. Fotoni, yaani vifurushi vya mwanga ambavyo nishati ya kila kimoja hutegemea masafa, hazichangishani nguvu! Kila elektroni hung'olewa na fotoni moja, na zinki hudai takribani elektronivolti (kipimo cha nishati) 4.3, ilhali mwanga tunaouona huishia kwenye 3.1 hivi. Urujuanimno, wenye masafa ya juu kuliko mwanga tunaouona, ndio unaoweza. Ukishavuka hapo, kupandisha masafa huziongezea elektroni nishati, kuongeza mwanga huongeza idadi ya elektroni tu. Einstein alilieleza hili mwaka 1905.