Familia Ngeni Lubumbashi: Namna ya Kupata Kanisa la Karibu

Familia inayohamia Lubumbashi, Kongo, kutoka Dar es Salaam, Arusha au Nairobi kwa sababu ya kazi ya mgodi, uchukuzi au biashara hupewa mashauri mengi kuhusu viza, nyumba na shule, ilhali suala la kanisa huachwa liamuliwe Jumapili ya kwanza na jirani au dereva. Matokeo yake huonekana baadaye, pale mtoto anapougua usiku au habari ya msiba inapofika kutoka nyumbani, na baba yuko kazini Kolwezi, kilomita zipatazo 300 kutoka mjini: mama hugundua kwamba kila Jumapili anasali kati ya mamia ya watu ambao hakuna hata mmoja anayeujua mlango wake. Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni kwamba mtafute kwanza Wakristo wanaokaa mtaani kwenu, kisha muwafuate kanisani kwao, badala ya kuanza na kanisa kubwa lenye kwaya nzuri na kutumaini kwamba ujirani utakuja wenyewe.

Maandalizi yaanze kabla ya kusafiri. Mwombeni paroko au mchungaji wenu barua ya utambulisho inayotaja majina ya wote nyumbani, huduma mliyokuwa mkiitoa, na hatua ambayo kila mtoto amefikia katika mafundisho. Pamoja nayo chukueni vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Barua ya Kiswahili itasomeka bila shida, lakini ofisi za Kongo huandika kwa Kifaransa, na tafsiri fupi ya Kifaransa iliyoambatanishwa itawaokoa na safari nyingi, hasa ikiwa mnataka pia kumwandikisha mtoto katika shule ya kanisa.

Mkifika, mtakuta makanisa mengi kuliko mlivyotarajia. Wakatoliki wana parokia katika kila upande wa mji, kuanzia Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo lililo katikati hadi zile za komini (wilaya za mji) za Katuba na Ruashi, na Wasalesiani wa Don Bosco wamekuwapo tangu 1911 kwa parokia na shule. Waprotestanti wengi wamo chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo katika Kongo, ulioundwa mwaka 1970, na kila kanisa mwanachama huitwa komunote na huwa na namba yake: CEPAC ya Wapentekoste, kwa mfano, ni ya 8, na CBCA ya Wabaptisti ni ya 3. Namba hiyo iulizeni bila haya, kwa kuwa inawaonyesha mara moja kama kusanyiko lina wakubwa wanaoweza kuulizwa. Wamethodisti wana mizizi ya zamani katika eneo hili la Katanga, Waanglikana wana dayosisi yao yenye makao Lubumbashi, na Kanisa la Kimbangu, lililotokana na mahubiri ya Simon Kimbangu huko Nkamba mwaka 1921, lina waumini wake pia.

Mlutheri kutoka Tanzania ndiye atakayepata shida zaidi, kwa sababu makusanyiko ya dhehebu lake ni machache sana hapa kuliko alivyozoea. Akilazimika kujiunga na komunote nyingine, aulize mapema jambo moja ambalo huumiza familia likichelewa kujulikana: je, ubatizo wa mtoto mchanga unatambuliwa? Komunote nyingi zenye asili ya Kibaptisti au Kipentekoste hutaka mtu azamishwe majini akiwa na akili zake, na kijana wenu anaweza kuambiwa kwamba hajabatizwa. Ni heri mzungumze na mchungaji wiki ya kwanza kuliko kubishana mbele ya mtoto.

Sasa kuhusu mtaa. Kwa Wakatoliki, kile ambacho Watanzania na Wakenya hukiita jumuiya ndogo ndogo hapa huitwa shirika, na si kitu cha pembeni, kwani tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za majirani. Waprotestanti wengi wana seli zinazofanya kazi hiyohiyo. Baada ya misa nendeni kwenye ofisi ya parokia, mtaje komini, mtaa na avenyu mnayokaa, na muombe jina la mkuu wa shirika lenu. Msiridhike na jibu la kwamba atawatafuta, bali ombeni mtu wa kuwapeleka kwake siku hiyohiyo. Katika mkutano wa kwanza jitambulisheni kwa ukamilifu: mmetoka wapi, mnafanya kazi gani, watoto ni wangapi, mnatarajia kukaa kwa muda gani. Watu hapa huuliza maswali hayo waziwazi, na kuyakwepa hueleweka kama dharau.

Tatizo kubwa la wageni wenye kazi nzuri ni ukuta. Mnakaa ndani ya uzio mrefu, mlangoni yuko mlinzi, na mlinzi ameagizwa asimruhusu mtu asiyejulikana. Mama wawili wa shirika wanakuja kuwajulia hali, wanarudishwa, na hawaji tena. Mpeni mlinzi jina la mkuu wa shirika na siku ya mkutano, na zamu yenu ya kupokea sala ya shirika nyumbani ikifika, ipokeeni hata kama nyumba bado ina maboksi. Hakuna anayetarajia karamu. Viti vya kuazima na maji ya kunywa vinatosha, na ni vyema zaidi kuanza hivyo kuliko kuandaa meza ambayo jirani mwenye zamu inayofuata hataweza kuifikia.

Mahali pengine pa kujulikana ni kwenye kilio. Jirani au mshirika akifiwa, nendeni hata kama marehemu hamkumfahamu, kaeni na watu, toeni mchango kupitia kwa mkuu wa shirika au mwenye daftari, na msiondoke haraka. Nimeona familia za wageni zikikubaliwa zaidi kwa jioni moja ya namna hiyo kuliko kwa mwaka mzima wa kuhudhuria ibada, na ninaamini si ajabu, kwa kuwa watu humkumbuka aliyekaa nao walipokuwa wakilia.

Kiswahili chenu kitawasaidia sana, ila kina tofauti za kuzingatia. Shikamoo haitumiki hapa, kwa hiyo mtoto wa Kongo anayewaambia "Jambo Papa" au "Jambo Mama" amewaheshimu kikamilifu, na wenu wafundishwe kusalimu vivyo hivyo. Katika matangazo siku huhesabiwa kwa kazi: Jumatatu ni siku ya kazi moja, Jumanne kazi mbili, na kuendelea, hadi Jumamosi ambayo ni siku ya posho. Kwa hiyo mkiambiwa mazoezi ya kwaya ni siku ya kazi tatu, njooni Jumatano. Hakikisheni pia lugha ya kila ibada, kwa maana katika kanisa lilelile moja inaweza kuwa ya Kifaransa na nyingine ya Kiswahili. Mkatoliki asishtuke akikuta misa kwa utaratibu ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, ambamo watakatifu na wahenga huitwa mwanzoni, na toba pamoja na kupeana amani huja baada ya mahubiri na Kanuni ya Imani.

Watoto huingia haraka kuliko wazazi, mradi wapate kundi la rika lao. Ulizeni kuhusu vyama vya Kikatoliki kama Kizito-Anuarite kwa wadogo na Kiro kwa wakubwa kidogo, Skauti, au kwaya ya watoto. Kifaransa chao kitakua humo bila kulazimishwa. Kwa wanandoa Wakatoliki kuna Jamaa, chama kilichoanzia Kolwezi katika miaka ya 1950 kwa kazi ya padri Mfransisko Placide Tempels miongoni mwa wafanyakazi wa migodi. Kwa kuwa baadhi ya makundi yake yalikuja kutofautiana na maaskofu, jiungeni kupitia kwa paroko.

Jambo linalonitia uchungu ni familia ngeni zinazonaswa katika upweke wao. Makanisa ya uamsho ni mengi, na mengine yana wachungaji waaminifu wanaowajali watu kweli, lakini mgeni mwenye mshahara wa dola hujulikana upesi. Mkiombwa sadaka ya pekee ili mpate unabii, mkiambiwa msiwaeleze ndugu zenu yanayosemwa huko, au kama hakuna anayeweza kuwaonyesha hesabu za fedha, ondokeni. Na mtu yeyote akisema kwamba mtoto wenu, au mtoto anayewasaidia kazi nyumbani, ni mchawi anayehitaji kulazimishwa kufunga kula au kupigwa, mtoeni mtoto hapo mara moja na mshitakini mhusika. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu kwa tuhuma hizo.

Umbali nao upimeni wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, si mwezi wa Juni barabara zikiwa kavu. Kanisa lililo mbali na kwenu likihitaji taksi mbili na njia ya matope, mama mwenye watoto ataacha kwenda wakati mume akiwa mgodini. Kwa sadaka wekeni faranga ndogo mkononi, kwani noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa kila mahali.

Mtoto akibatizwa au kupokea komunyo hapa, simamieni jinsi jina linavyoandikwa kwenye daftari. Fomu za Kongo zina nafasi tatu za majina, na karani asiyewajua anaweza kuyapanga kwa mpangilio wake. Mwonyesheni pasipoti, someni naye kila herufi, na mchukue cheti chenye muhuri wiki hiyohiyo, kwa sababu parokia yenu ya Moshi au Kisumu itakidai mtakaporudi.