Makinga maji hayapimwi kwa macho

Makinga maji, yaani mifereji na matuta ya kuzuia maji mteremkoni, yakibomoka, mvua ndiyo hulaumiwa. Mvua haina kosa. Kosa lilitendeka siku kikundi kilipochimba mfereji kwa kukisia, au kwa kufuata mpaka wa shamba kwa sababu umenyooka.

Fanyeni hesabu kidogo. Mfereji wa upana wa sm 60 na kina cha sm 60 unabeba lita 3,600 katika kila mita 10, kwa hiyo wa mita 50 ni lita 18,000. Ukiinama sm 50 toka mwanzo hadi mwisho, na mwinamo huo jicho halitauona, maji yote hukimbilia upande mmoja: huku yana sm 10 tu, kule yameshafika ukingoni. Yatamwagika ukingoni, yataukata, kisha yatashuka kwa nguvu kwa jirani wa chini na kubomoa makinga maji yake pia. Mstari mmoja uliokisiwa huko juu hupoteza nguvukazi ya mteremko mzima.

Dawa ni fremu A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi chenye umbo la herufi A, nacho kinatengenezwa kwa miti, kamba na jiwe tu. Chukua miwili iliyonyooka ya mita 2.1, ifunge pamoja sm 10 kutoka vichwani, na tanua miguu hadi iachane mita 2. Mti wa tatu, wa mita 1.2, funga katikati ya miguu kwa kulala. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, ishuke kidogo chini ya mti huo. Hiyo ndiyo timazi yako.

Sasa hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Wanachora alama katikati ya mti kwa kukadiria na kuanza kazi. Msifanye hivyo! Simamisha fremu, weka alama ardhini pale miguu ilipokanyaga, na uchore mtini pale kamba inapopita. Geuza fremu, kila mguu ukanyage alama ya mwenzake, uchore tena. Katikati ya michoro miwili ndipo penye usawa. Rudia jambo hili kila asubuhi, na kila fremu inapoanguka au kamba za kufungia zinapolegea. Upepo ukiitikisa timazi, ongeza uzito wa jiwe. Upepo ukizidi, acheni kupima.

Mnapotembea na fremu, mguu mmoja ubaki kwenye kigingi na mwingine uzungushwe mbele hadi kamba itulie kwenye alama ya usawa; hapo pigilieni kigingi kingine. Usiisogeze fremu nzima huku mguu uleule ukitangulia daima, kwa maana hitilafu ya sm 1 kwa hatua itajilimbikiza: hatua 25 ni mita 50, na umeshapotea sm 25. Miguu ikipokezana, hitilafu ya hatua moja hufutwa na inayofuata.

Mstari utapinda pamoja na kilima, uacheni upinde. Kigingi kilichojitenga sana na wenzake kipimwe upya, kisivutwe tu ili mstari upendeze.

Anzeni juu ya mteremko. Kama maji ya barabara yanaingia shambani, yachepusheni kwanza. Mteremko wa 8%, yaani unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, unataka mita 15 kati ya mstari na mstari. Wa 12%, mita 12.5. Kwa fanya juu, aina ya makinga maji ambayo udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu, kati ya tuta na mfereji iachwe nafasi ya sm 15 hadi 30, la sivyo udongo utarudi shimoni. Shindilieni tuta. Ndani ya mfereji, kila mita 5, acheni kizuizi kisichochimbwa chenye kimo cha sm 30, ili kosa dogo la upimaji lisisafirishe maji.

Penye mvua chache, miisho ya mfereji izibwe. Penye mvua nyingi na udongo mzito usiokunywa maji haraka, mfereji unatakiwa uiname kwa makusudi, sm 0.5 hadi 1 kwa kila hatua ya fremu, kuelekea njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Hapo muiteni afisa ugani kabla jembe halijagusa ardhi.

Pimeni na kuchimba baada tu ya mavuno, udongo ukiwa bado na unyevu, na mmalize mwezi mmoja kabla ya mvua. Mvua za kwanza zikianza, pandeni majani ya tembo juu ya tuta: pingili za vifundo 3, viwili vifukiwe, sm 30 kati ya shina na shina.

Mfereji uliopimwa sawasawa, maji husimama kimo kimoja mwanzo hadi mwisho. Kagueni siku ileile ya mvua kubwa ya kwanza. Mwisho mmoja ukiwa na maji mengi kuliko mwingine, inueni tuta na ongezeni kizuizi hapo kabla mvua ya pili haijanyesha.