Mashine pepe imehamia kompyuta mpya, mtandao haupo

Kabla ya kuhamisha mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) ya VirtualBox, izime kabisa kutoka ndani yake. Ikihamishwa katika hali iliyohifadhiwa (saved state, yaani imesimamishwa bila kuzimwa), inaweza kukataa kuamka kwenye prosesa tofauti, na itabidi ubonyeze Discard na kupoteza kazi ambayo hukuisevu.

Ikiwaka bila mtandao, anzia nje, kwenye VirtualBox yenyewe. Kwenye Settings, sehemu ya Network, Bridged Adapter (inayoiunganisha mashine pepe moja kwa moja na mtandao wako) huenda bado inataja kadi ya mtandao ya kompyuta ya zamani. Chagua ya sasa. Kisha ingia ndani. Unapoingiza faili la OVA (kifurushi cha mashine pepe nzima), VirtualBox kwa kawaida huhifadhi anwani za MAC (utambulisho wa kila kadi ya mtandao) za kadi za NAT tu, yaani zinazopitia mtandao wa kompyuta mwenyeji, kadi ya Bridged hupewa mpya. Kwenye Ubuntu Server hapo ndipo penye mtego: andika ip link, uone anwani ya MAC ya sasa, ulinganishe na faili la mipangilio ya mtandao lililomo /etc/netplan. Mstari wa macaddress ukibaki na anwani ya zamani, mipangilio ya kadi hiyo hurukwa kimyakimya. Rekebisha, kisha sudo netplan try. Usipothibitisha ndani ya sekunde 120, mipangilio ya awali hurudi. Na kama ruta imefunga IP kwa MAC ile ya zamani, ibadilishe huko pia.