Kumtoa mama kwenye kitochi bila kumpotezea majina yake

Mimi ni wakala wa miamala hapa Msamvu, Morogoro. Kutwa nzima nashikishwa simu za watu: "Mwanangu, hebu nisomee hii meseji." "Kijana, salio langu limekwenda wapi?" Ungedhani mtu kama mimi hawezi kuvuruga simu ya mama yake mzazi. Niliivuruga. Nilimpelekea Kilosa simu ya kupangusa, nikachomoa laini kwenye kitochi chake, nikaichomeka kwenye simu mpya, na mbele ya wajukuu nikatangaza kazi imekwisha. Mama akatafuta jina la mwekahazina wa kikoba. Hamna. Akamtafuta dada yake wa Dumila. Hamna. Yalikuwemo majina manne tu, matatu ya huduma kwa wateja.

Majina yake yalikuwa yamelala tumboni mwa kitochi, si kwenye laini. Kwa hiyo usichomoe kitu kwanza. Kitochi kikiwa kinawaka na laini imo ndani, ingia kwenye Majina, fungua Chaguo, tafuta Nakili, chagua yote, kutoka simu kwenda laini. Kila kitochi kina maneno yake, lakini hicho kipengele kwa kawaida kipo.

Kabla ya kubonyeza, kaa naye mfupishe majina. Laini nyingi hubeba majina 250 hivi, na kila jina hupewa herufi chache na namba moja tu. Mimi sikufupisha. "Mama Juma Samaki Sokoni" akatoka "Mama Juma Sam", na mama akaniuliza huyo Sam amemwoa lini Mama Juma. Tenga jioni nzima kwa hili, na mwombe akuletee lile daftari lake la namba. Kwenye la mama nilikuta hadi namba za 0744, za kabla Vodacom hawajahamia 0754. Wenyewe wengine wameshatangulia mbele ya haki. Hizo sikuziingiza, ila daftari nimelirudisha lilipokuwa.

Sasa fungua akaunti ya Google kwa jina lake, si kwa jina lako, na neno la siri liandike kwenye daftari hilohilo. Chomeka laini kwenye simu ya kupangusa, nenda kwenye programu ya majina, ingiza majina kutoka kwenye laini, na uhakikishe yanahifadhiwa kwenye akaunti. Laini ya zamani ikiwa ni ile pana isiyoingia kwenye tundu la sasa, usiipeleke kwa kijana wa mkasi. Akikosea milimita moja amekata chipu. Azima simu ya kupangusa ya zamani yenye tundu kubwa, ingia kwa akaunti ya mama, ingiza majina humo, kisha uitoe akaunti kwenye simu ya watu. Kwenye simu mpya yatajitokeza yenyewe ukiwasha data.

Hapo ndipo mwende dukani kubadilisha laini, si kabla. Laini mpya huja tupu, haina jina hata moja. Ukianza na duka umeyazika majina. Kubadilisha kuna maana: laini za zamani sana hazishiki 4G hata simu iwe mpya. Mama aende mwenyewe na namba yake ya NIDA, kwa sababu wanataka kidole. Vidole vya mtu aliyelima miaka arobaini vimelika, mashine inavikataa. Anawe mikono, ajifute, ajaribu kidole kingine, na msiondoke kwa sababu kidole gumba kimegoma. Namba yake ya simu haibadiliki. Pesa zake haziko kwenye kile kipande cha plastiki, na menyu ni ileile, *150*00# kwa wa M-Pesa, bila bando wala programu. Namba ya siri asimtajie mtu pale kaunta. Hata wewe, geuza uso.

Kinachowashinda wazee zaidi ni kidole. Mama amezoea kitufe, anabonyeza na kushikilia. Simu ya kupangusa inaona kashikilia, inadhani anataka kuhamisha picha ya programu, na mara alama ya kupigia imeingia kapuni. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute muda wa kugusa na kushikilia, uuweke mrefu. Hili dogo lilimaliza nusu ya ugomvi wetu. Maandishi yawe makubwa, ukurasa wa mbele ubaki na vitu vinne: kupiga, meseji, WhatsApp, kamera. WhatsApp uizuie kupakua picha na video yenyewe, la sivyo kundi la ukoo litakula bando kabla ya Ijumaa.

Halafu kupokea. Huku si kubonyeza, ni kupangusa, na akipaniki anapangusa upande wa kukata. Nenda chumba cha pili umpigie. Mpigie tena. Mimi nilimpigia mara kumi na mbili mfululizo. Ya tisa ndiyo ya kwanza aliyopokea bila kumwita mjukuu. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" mwonyeshe mfano halisi, na namba za matapeli azitume 15040.

Chaji nayo umwambie mapema. Kitochi kilikuwa kinakaa siku tano. Hii inaomba umeme kila usiku, na Kilosa umeme una siku zake. Kwa hiyo kitochi hatukukitupa. Kimepewa laini ya pili, kinalala chini ya mto. Juzi nilipiga saa nne usiku namba yake ya siku zote, haikupokelewa. Nikapiga ya kitochi. "Ngoja kwanza, niko uani," akasema, "wewe unaniita na mimi ndiyo namulikia."