Ugonjwa wa kudhoofika misuli: matatizo mengine ya kuwahi mapema

Ukiwa unamuuguza mtu mwenye ugonjwa huu macho yote yanakuwa kwenye miguu, anatembea au hatembei, kumbe kinachokuja kumuumiza zaidi mara nyingi ni pumzi, moyo, mgongo na ngozi. Na mengi yanawahika.

Anza na pumzi, tena ya usiku. Misuli ya kupumulia ikichoka, akilala hapumui vya kutosha na hewa chafu inabaki mwilini. Wengi hawasemi "nakosa pumzi". Utaona anaamka kichwa kinamuuma, asubuhi hataki kula, mchana anasinzia tu, usiku anashtuka shtuka. Ukiona hivyo omba apimwe mapafu na apimwe pia akiwa amelala. Na hapa nisikilize vizuri, oksijeni peke yake inaweza kuficha tatizo huku hewa chafu inazidi kupanda, mara nyingi anachohitaji ni mashine ya kumsaidia kupumua kwa maski. Kama hana nguvu ya kukohoa, usisubiri mafua yaishe yenyewe, muwahishe.

Moyo nao ni msuli. Kwa Duchenne, aina ya ugonjwa huu inayowapata zaidi watoto wa kiume, unapimwa tangu ugonjwa unapogundulika, halafu walau kila mwaka hata kama halalamiki, maana mtu asiyetembea sana atajuaje moyo umechoka? Mama aliyebeba jeni ya Duchenne naye apime moyo wake.

Anayekaa kwenye kiti siku nzima asaidiwe kubadili mkao mara kwa mara, na jioni ukimvua nguo kagua makalio, kiuno na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo paguse kwa mgongo wa mkono wako, pakiwa pa moto au pagumu kuliko pembeni yake, hapo kidonda kinaanza na pasikaliwe tena mpaka papoe.

Viungo vinyooshwe kila siku taratibu, asikie kuvutika ila asiumie. Mgongo ukianza kwenda upande sema mapema, maana ukipinda sana unabana mapafu.

Kama anatumia steroidi, dawa za kupunguza kasi ya misuli kudhoofika, msizikatishe ghafla hata siku anatapika, pigeni simu kwa daktari. Na kabla ya operesheni yoyote, hata ya jino, mwambieni mtu wa dawa ya usingizi kuhusu ugonjwa huu, kwa sababu suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa operesheni, inaweza kumsimamisha moyo. Iandikeni kwenye kadi akae nayo.