Namna ya Kutafiti Majadiliano ya Kimataifa ya Tabianchi Ukiwa Zanzibar

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu majadiliano ya tabianchi, awe Tunguu au Chake Chake, alipunguze somo lake mpaka libaki suala moja linaloweza kufuatwa katika nyaraka kwa miaka kadhaa. Kwa visiwa vyetu napendekeza suala la hasara na madhara, yaani athari za mabadiliko ya tabianchi ambazo hazikuepukika, kwa kuwa maji ya chumvi yanayoingia katika mabonde ya mpunga Pemba, na mwani unaokufa kwa joto la bahari pwani ya mashariki ya Unguja, ni mambo ambayo mtafiti anaweza kuyafikia mwenyewe.

Soma maandishi ya makubaliano kabla ya maoni ya wataalamu. Anza na Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Paris wa 2015, kinachohusu hasara na madhara, lakini usiishie hapo, kwani uamuzi ulioupitisha Mkataba huo una aya ya 51 inayotamka kwamba kifungu hicho hakiwi msingi wa dhima wala fidia. Mvutano wote wa nani awajibike kulipa umejificha katika aya hiyo. Hata mfuko wa hasara na madhara ulioamuliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na kuwekewa utaratibu wake Dubai mwaka uliofuata, hupokea michango bila kumtambua yeyote kuwa mdaiwa. Kisha linganisha rasimu moja baada ya nyingine: maneno yaliyomo ndani ya mabano ya mraba hayajakubaliwa, kwa hiyo andika yapi yaliondoka na katika kikao gani.

Swali zito zaidi, ambalo kwa maoni yangu linastahili sura nzima, ni nani anayevisemea visiwa hivi. Mwanachama wa Mkataba ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ambayo hujadiliana kupitia Kundi la 77 na China, kundi la Afrika na kundi la nchi zenye maendeleo duni. Haimo katika muungano wa nchi za visiwa vidogo, ingawa majirani zetu Komoro na Shelisheli wamo. Hivyo wahoji maofisa wa mazingira wa pande zote mbili za Muungano, hasa waliowahi kukaa katika vikao, kwa sababu mapatano mengi hufikiwa faraghani.

Kabla ya kwenda vijijini pata kibali cha utafiti na ujitambulishe kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Wakulima wa mwani waulize walichokiona kikibadilika baharini na walichofanya baadaye. Ukitanguliza neno tabianchi, huenda wakakurudishia majibu waliyoyasikia semina.